Nani mwingine ameona?

Wiki hii naomba ruhusa niachane na siasa. Wale mliozoea kuja hapa kusoma nani kasema nini bungeni, nivumilieni siku moja tu, tutarudi uwanjani kwetu. Leo nataka tuzungumze kuhusu maji machafu.

Naanza na kisa kidogo. Nilipoingia kwenye kazi hii ya uandishi nilimkuta mhariri mmoja wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Ukimpelekea habari hakujali umeiandika vizuri kiasi gani. Aliuliza swali moja tu: "Nani mwingine ameona?" Kama shahidi ni wewe na macho yako mawili, habari inarudi mezani kwako. Nilimchukia kwa miezi kadhaa. Siku moja nikamwambia, "Mzee, mimi mwenyewe nilikuwepo pale." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana nauliza."

Swali la yule mzee nimekutana nalo tena majuzi, mahali ambapo sikulitarajia. Nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, lakini mnajua intaneti inavyompeleka mtu, unaanza na bei ya kamera unaishia karne ya 17. Nikajikuta nasoma habari za Mholanzi mmoja, muuza vitambaa, ambaye aliona ulimwengu mzima ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona kabla yake. Ulimwengu wenyewe ulikuwa ndani ya tone la maji. Kuuona haikuwa shida yake kubwa. Shida ilikuwa kwamba kule London kulikuwa na wazee wenye akili zao, nao walitaka kujua nani mwingine ameona.

Jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi, mtoto wa msuka vikapu. Baba alifariki yeye akiwa mdogo. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, na mwaka 1654 akarudi Delft, akaoa, akafungua duka lake. Chuo kikuu hakukanyaga. Kilatini, ambayo ndiyo ilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya nzima, hakujua. Mwaka 1660 akapata kazi ya kutunza ofisi za halmashauri ya mji, na tangu hapo akawa na kipato cha uhakika na muda wa kucheza na vioo.

Wauza vitambaa wa zama zile walitumia vioo vya kukuza ili kukagua nyuzi. Leeuwenhoek akaanza kujitengenezea vya kwake. Ukisikia neno hadubini usifikirie ile ya maabara ya sekondari, yenye bomba na meza ya kuwekea kioo. Yake ilikuwa vibati viwili vya shaba, urefu wake haufiki hata kidole cha mkono, vimebanwa pamoja, na katikati yake kuna tundu lenye lenzi moja ndogo kama punje. Nyuma kuna msumari mwembamba wa kuchomekea kitu unachotaka kukiona, pamoja na skrubu za kukisogeza. Unaiinua juu kuelekea kwenye mwanga na kuibandika kabisa kwenye jicho. Zimebaki chache tu duniani, na iliyoko Utrecht inakuza kiasi cha mara 270. Mashine kubwa za mabomba za wakati ule zilizotumia lenzi mbili au tatu zilikuwa hazifiki hapo bila picha kuvurugika.

Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa moja lililokuwa umbali wa kama saa mbili kutoka Delft, linaitwa Berkelse Mere. Wakati wa baridi maji yake yalikuwa meupe pee, ikifika katikati ya kiangazi yanageuka na kujaa kama vijiwingu vya kijani. Wenyeji walisema ni umande. Leeuwenhoek hakubishana na wenyeji, alichota maji kwenye chupa ya kioo na kesho yake akayatazama. Akaona nyuzi za kijani zilizojisokota kama springi, ambazo leo tunajua ni mwani unaoitwa spirogira. Katikati ya nyuzi hizo akaona vitu vinatembea. Vinapanda, vinashuka, vinazunguka. Vilikuwa vya rangi mbalimbali, na kwa hesabu yake vingine vilikuwa vidogo mara elfu moja kuliko utitiri mdogo kabisa wa kwenye jibini. Barua ya kuelezea jambo hilo aliiandika tarehe 7 Septemba 1674, na wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa maelezo ya kwanza ya viumbe vya seli moja.

Barua hiyo haikuleta kelele. Kelele zilikuja na ile ya tarehe 9 Oktoba 1676.

Hiyo ilikuwa ndefu, kurasa 17 na nusu, na ndani yake kuna jambo ambalo kwa mtu wa Pwani linachekesha. Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani labda chembe zake zina ncha kali kama miiba zinazochoma ulimi. Kwa hiyo akaloweka pilipili manga ndani ya maji, akaiacha wiki kadhaa, halafu akaanza kutazama. Miiba hakuiona. Aprili 24 mwaka ule aliona vidudu vingi kupita kiasi, vingine vidogo sana hivi kwamba ukivipanga mia moja kwa urefu havifikii punje ya mchanga. Hao ndio bakteria. Alikuwa anatafuta ukali wa kiungo, akaangukia viumbe ambao dunia ingewasahau na kuja kuwakumbuka karibu miaka 200 baadaye, wakati wa Pasteur na Koch.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi ambayo Leeuwenhoek alikuwa anaiandikia. Unapokea barua kutoka kwa mtu asiye na shahada yoyote, anasema kila tone la maji limejaa wanyama, maelfu kwa maelfu. Anasema ameviona kwa kifaa alichotengeneza mwenyewe, na namna ya kukitengeneza hatakwambia kwa sababu ni siri yake. Na barua haina mchoro hata mmoja wa vidudu hivyo.

Oldenburg aliifupisha, akaitafsiri kwa Kiingereza na kuichapisha mwaka 1677. Lakini aliuliza swali la mhariri wangu.

Leeuwenhoek alilijibu kama mtu wa ofisi ya halmashauri anavyojibu, yaani kwa hati. Mwezi Oktoba 1677 alipeleka London ushuhuda wa watu wanane, kila mmoja akieleza kwa maandishi na sahihi yake kwamba amechungulia na ameviona. Walikuwamo wachungaji wa kanisa na mthibitishaji wa hati. Mimi napenda sana picha hiyo: mchungaji wa Kilutheri amefumba jicho moja, jingine limebanwa kwenye kibati cha shaba, anajaribu kuhesabu vidudu ndani ya tone dogo kama punje ya ulezi, kisha anakaa mezani na kuweka sahihi.

Je, ulikuwa ushahidi mzuri? Mhariri wangu asingeukubali, nadhani. Wote wanane walitazama kifaa kilekile, nyumbani kwa mtu yuleyule, wakaonyeshwa kitu walichoambiwa wakitafute. Hilo London nako walilijua. Kazi ya kuhakikisha akapewa Robert Hooke, mtu ambaye kama kungekuwa na bingwa wa hadubini Uingereza basi ndiye. Alijaribu mara ya kwanza, hakuona kitu. Akaboresha kifaa chake, akatengeneza vimirija vya kioo vyembamba mno vya kuwekea maji, akaloweka pilipili yake mwenyewe. Kwenye kikao cha tarehe 15 Novemba 1677 vidudu vikaonekana, na wajumbe wakapanga foleni kuchungulia, akiwemo Christopher Wren, yule msanifu aliyejenga kanisa kuu la St. Paul's. Oldenburg hakushuhudia, alikuwa amefariki Septemba ya mwaka huohuo. Mwaka 1680 muuza vitambaa wa Delft akachaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Royal Society. Hakuhudhuria kikao chake hata kimoja.

Kabla sijaendelea nataka nigusie lugha, kwa sababu najua baadhi yenu mnasubiri. Leeuwenhoek aliandika kwa Kidachi maisha yake yote, kile cha kawaida cha watu wa mjini kwake. Aliandikia Royal Society kwa karibu miaka 50, mpaka anafariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90, na hakuwahi kujilazimisha kutumia lugha ya wasomi. Waliotaka kujua alichokiona ndio walitafuta mfasiri. Wale wanaosema sayansi haiwezi kuandikwa kwa lugha ya sokoni wana mtu wa kujibu hapa. Mjadala huo tumeufanya sana humu, leo naupitia kwa mbali.

Turudi kwenye michoro, kwa sababu hapo ndipo penye utamu na ndipo penye matatizo.

Leeuwenhoek hakujua kuchora. Alikiri mwenyewe tangu mwanzo wa barua zake. Na haya yanatokea Delft! Mji wa Johannes Vermeer, mmoja wa wachoraji wakubwa kuliko wote Ulaya, ambaye alibatizwa siku chache tu kabla ya Leeuwenhoek. Vermeer alipofariki Desemba 1675 akiacha madeni, aliyeteuliwa na mji mwaka uliofuata kusimamia mali yake alikuwa Leeuwenhoek huyuhuyu. (Wapo wanaosema kwamba yule mtaalamu kwenye michoro miwili ya Vermeer, Mnajimu na Mwanajiografia, ni Leeuwenhoek. Inapendeza kuamini, lakini nani mwingine ameona?)

Kwa hiyo alikodi wachoraji. Walikuja nyumbani kwake, wakabandika jicho kwenye kile kibati, wakachora kwa kalamu au chaki nyekundu. Katika barua anawataja mara kwa mara, jinsi mchoraji alivyoshangaa, jinsi alivyoshindwa kujizuia asiseme neno. Lakini anawaita "mchoraji" tu. Majina hakuandika. Watafiti wa miaka ya karibuni wamejitahidi kuwatambua mmoja mmoja kwa kulinganisha mikono, lakini kwa zaidi ya miaka 300 watu waliotuonyesha alichokiona Leeuwenhoek walikuwa hawana majina. Wenzangu wapiga picha wa magazeti, wale ambao picha zao hutoka zimeandikwa "na mpiga picha wetu", mtaelewa.

Mchoro uliofika mbali zaidi unatokana na barua ya tarehe 17 Septemba 1683. Safari hii hakuchota maji ziwani. Alijikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akauchanganya na maji safi ya mvua, akatazama. Kisha akawatafuta wengine, akiwemo mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani mwake. Mnaweza kukisia hali ilivyokuwa. Mchoro una maumbo machache tu: vijiti, vidoa, kitu kilichojipinda kama nyoka. Ni michoro ya kwanza ya bakteria inayojulikana duniani. Ukiangalia kwa makini, kando ya kimojawapo utaona mstari wa nukta unaotoka herufi C kwenda herufi D. Huo ni mwendo. Mchoraji alipewa kazi ya kuchora kitu kinachokimbia, karatasi haikimbii, akabuni nukta.

Mstari huo mdogo unanifikirisha, kwa sababu C mpaka D haikuwepo kwenye maji. Ni maelezo yaliyoingizwa ndani ya picha. Yalikuwa sahihi, vidudu vilikwenda hivyo kweli. Lakini mlango ulishafunguliwa.

Hooke aliujua mlango huo mapema. Kitabu chake cha Micrographia kilitoka mwaka 1665, na kilikuwa na michoro ambayo watu walikuwa hawajawahi kuona mfano wake. Kiroboto wake ni karatasi inayokunjuliwa, urefu wake unakaribia nusu mita, mdudu amevaa magamba kama askari. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kila siku, alikaa nacho mpaka saa nane usiku. Hooke alichora mwenyewe, na kwenye utangulizi alitoa onyo. Anasema chini ya hadubini ni vigumu kujua kama unaona shimo au kilima, kivuli au doa jeusi. Jicho la nzi, kwa mwanga mmoja lilionekana kama wavu wenye matundu, kwa mwanga mwingine kama uwanja uliopigiliwa misumari ya dhahabu, kwa mwingine tena likawa na piramidi. Kwa hiyo hakuanza kuchora mpaka awe amekitazama kitu kwa mianga mingi na pande nyingi, akaridhika kwamba amelijua umbo lake la kweli.

Akaridhika. Yaani mchoro haukuwa kile alichokiona mara moja. Ulikuwa uamuzi aliofikia baada ya kuona mambo mengi yanayopingana. Sisi tunaokaa na daftari la mahojiano usiku na kutoa aya tano kwenye kurasa ishirini tunajua maana yake.

Miaka 70 na kitu baadaye kuna mtu aliyeamua kwamba michoro peke yake haitoshi. Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva, alikuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wawili wa tajiri mmoja karibu na The Hague. Mwaka 1740 aliokota majani ya majini kwenye mtaro pamoja na wanafunzi wake, akayaweka kwenye chupa dirishani. Kwenye majani hayo kulikuwa na vitu vya kijani, urefu wa milimita chache, vyenye nyuzi kichwani. Leeuwenhoek alishaviona karibu miaka 40 kabla. Trembley alidhani ni mimea, mpaka alipoona nyuzi zinajikunja. Mmea au mnyama? Akaamua kumkata mmoja vipande viwili, kwa hoja nyepesi tu: kama ni mmea vipande vitachipua, kama ni mnyama atakufa. Ilikuwa Novemba 25.

Vipande vyote viwili vikawa wazima. Na vyote viwili vilitembea, vilikamata wadudu na kula. Alimpasua mwingine kichwani mara kadhaa akapata mnyama mwenye vichwa saba, kama joka la hadithi za Wagiriki, na kweli Linnaeus baadaye akampa jina la joka hilo, haidra.

Nani angeamini? Mnyama mmoja ukimkata anakuwa wawili, je, roho yake imegawanyika? Lilikuwa swali zito kwa watu wa dini wakati ule, si mzaha. Trembley hakukusanya sahihi za wachungaji. Alimtuma mnyama mwenyewe kwa posta. Chupa za kwanza alizompelekea Réaumur, bingwa wa wadudu kule Paris, zilifika na maiti, kwa kuwa alizifunga kwa lakiri hewa isiingie. Za pili zilifika salama mwezi Machi 1741, na Réaumur akamkata wake mbele ya wenzake. Mwaka 1743 zikafika London, mikononi mwa rais wa Royal Society. Kila aliyetaka kujua nani mwingine ameona alipewa chupa na wembe.

Alifungua mikono kiasi kwamba Mwingereza mmoja, Henry Baker, aliwahi kuchapisha kitabu kuhusu haidra mwaka 1743, kabla ya Trembley kutoa cha kwake. Habari yako, mwingine anaitoa ukurasa wa mbele. Cha Trembley kilitoka 1744, na ndicho kizuri zaidi, shukrani kwa Pierre Lyonet. Huyu alikuwa mwanasheria aliyependa wadudu. Alichora michoro, na kwa kuwa mafundi wa kuchonga mabamba ya shaba hawakumridhisha, akajifunza ufundi huo na kuchonga mabamba manane ya mwisho kwa mkono wake. Kitabu kina picha ndogo pia zinazomwonyesha Trembley chumbani kwake na watoto wale wawili, chupa zimejaa dirishani. Na jina la Lyonet limeandikwa. Angalau huyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka nami nitapita haraka. Linnaeus, aliyempa kila kiumbe jina na kabati lake, alipofika kwa vidudu vya maji alichoka, wengi akawatupa kwenye kundi aliloliita Chaos, vurugu. Otto Friedrich Müller wa Denmark alikaa miaka akiwapanga, na kitabu chake kikubwa chenye mabamba 50 kilitoka mwaka 1786, mwaka mmoja na kitu baada ya kufariki.

Halafu akaja Ehrenberg, na kisa chake ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Christian Gottfried Ehrenberg alikuwa Mjerumani, na huku kwetu Afrika alipajua. Kati ya 1820 na 1825 alizunguka Misri, Sinai na pwani za Bahari ya Shamu pamoja na rafiki yake Wilhelm Hemprich, wakikusanya mimea na wanyama. Wenzao wengi walikufa safarini. Hemprich mwenyewe alikufa kwa homa Massawa, bandari ambayo leo ni ya Eritrea, mwaka 1825. Ehrenberg alirudi Berlin, akajifungia na hadubini. Neno bakteria tunalolitumia linatokana na jina alilolitoa yeye. Mwaka 1838 alichapisha kitabu kikubwa chenye mabamba 64 ya rangi. Nimeyatazama kwenye skrini na hata hapo yanapendeza ajabu: kijani, buluu, waridi, kila kidudu kama kipuli sikioni. Alichora kwa mkono wake.

Kitabu kilikuwa na hoja. Ehrenberg aliamini kwamba vidudu vya maji ni wanyama kamili kama ng'ombe au mimi na wewe, wana tumbo, wana viungo vyote, isipokuwa ni wadogo. Aliwalisha rangi, nili na nyekundu, akaona rangi inakusanyika ndani yao kwenye viduara vingi. Akasema hayo ni matumbo, na kundi zima akaliita wenye matumbo mengi. Kisha akachora. Na kwenye michoro matumbo yale yanaonekana yameunganishwa na utumbo, mithili ya zabibu kwenye kikonyo.

Utumbo haukuwepo. Félix Dujardin, Mfaransa, mtoto wa fundi saa aliyejisomea mwenyewe, aliwatazama vidudu walewale tangu mwaka 1835 akaona viduara vinazunguka ndani ya mwili, huku na huku. Tumbo lililofungwa kwenye utumbo haliwezi kutangatanga. Akasema ndani kuna ute ulio hai, na viduara ni vipovu vya chakula ndani ya ute huo. Kitabu chake cha 1841 kilieleza yote. Tunachokijua leo kuhusu seli kinampa haki Dujardin.

Jambo la kuumiza ni kwamba Ehrenberg hakuwa mwongo. Mtu huyohuyo, kwa mkono huohuo, alichora maganda ya viumbe vya majini kwa usahihi ambao wataalamu wanaendelea kuutumia. Michoro yake takriban 3,000 imehifadhiwa Berlin pamoja na sampuli zenyewe, na watu wanakwenda kulinganisha. Kwenye maganda alichora alichokiona. Kwenye matumbo, jicho lilileta viduara na akili ikaongeza kikonyo, na kalamu haikutofautisha kati ya hivyo viwili. Wino ni uleule. Msomaji wa mwaka 1838 aliyefungua bamba hilo maridadi hakuwa na namna ya kujua mstari upi ulitoka kwenye maji na upi ulitoka kichwani. Ehrenberg aliishi mpaka 1876 na hakukubali kwamba alikosea. Alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Na Leeuwenhoek je? Aliiachia Royal Society kabati lenye hadubini 26 za fedha, na zote zilipotea katika karne ya 19. Ile siri yake ya lenzi aliondoka nayo kaburini. Mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi walipitisha nyutroni kwenye ile hadubini ya Utrecht ili waone ndani bila kuifungua. Wakakuta kijitufe cha kioo, kimetengenezwa kwa kuyeyusha uzi wa kioo motoni, njia ambayo Hooke alishaieleza waziwazi kwenye utangulizi wa Micrographia mwaka 1665. Huenda siri iliyotunzwa miaka 50 ilikuwa imechapishwa London na kila mtu angeweza kuinunua.

Kuna kitu kingine kilichobaki. Mwaka 1981 mtafiti Mwingereza, Brian Ford, alikuwa anapekua barua halisi za Leeuwenhoek kwenye hifadhi ya Royal Society. Kwenye baadhi akakuta vibahasha vidogo vya karatasi, vimebandikwa na Leeuwenhoek mwenyewe. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba alivyokata kwa wembe wake: koki, moyo wa tawi la mti, mshipa wa jicho la ng'ombe, vingine vimetumwa tangu mwaka 1674. Ford akavichukua, akaviweka chini ya hadubini, akatazama.